Usimnyang'anye Mzee Jembe Lake



Katika mafundisho yetu ya afya tunasema mara nyingi habari za watoto na za mama wenye mimba. Habari za wazee tunazisema mara chache. Basi leo nataka kuuliza neno moja juu yao. Je, inafaa mzee auzoeze mwili wake, au inafaa akae apumzike? Watu wengi wanafikiri kwamba jibu linajulikana. Wanasema, "Mzee amekwisha kufanya kazi yake, sasa akae." Mimi sikubali, nami nitakupa sababu zangu. Wewe uzipime.

Tazama desturi yetu. Mtoto mwema akipata kazi yenye mshahara, anapenda kumnunulia baba yake kiti. Ni kiti kizuri, chenye mgongo wa kuegemea, na kinawekwa barazani. Baba akishika jembe, mtoto anaona haya mbele ya majirani. "Watasema nini? Watasema simtunzi baba yangu." Basi anamnyang'anya jembe, tena kwa upendo. Maji ya kunawa baba analetewa. Bugali na sombe analetewa. Hata kaa la kuwashia tumbako, kama bado hajaiacha tumbako, analetewa na mjukuu. Mzee anakaa asubuhi, anakaa mchana, anakaa jioni, na wanaopita njiani wanasema, "Huyu ana watoto wazuri."

Kuheshimu baba na mama ni amri ya Mungu. Sitaki mtu aseme kwamba ninaipunguza amri hiyo. Lakini kiti kile, kikikaliwa kutwa nzima, mwaka huu na mwaka ujao, kinamfanyia baba yako kazi mbaya. Sikiliza ni kazi gani.

Nyama za mwili wetu zile tunazoziita misuli si kama chuma. Jembe likitumika linalika, likiwekwa nyumbani linabaki vilevile. Misuli ni kinyume. Ikitumika inaongezeka, na ikiwekwa inapungua. Kwa kila mtu misuli huanza kupungua kidogo kidogo akiisha kupita miaka 30 au 40, na baada ya miaka 60 inapungua upesi zaidi. Hiyo ni njia ya mwili wa kila mwanadamu. Lakini mtu anayekaa tu anaifanya njia hiyo kuwa mtelemko wa kukimbia. Mwaka 2007 madaktari wa Marekani walichapisha habari ya wazee wenye afya nzuri waliokubali kulala kitandani siku 10 ili wapimwe. Hawakuwa wagonjwa, na chakula walipewa. Kwa siku zile 10 tu walipoteza, kwa kadiri, karibu kilo 1 ya nyama ya miguu yao. Sasa fikiri juu ya mzee wetu aliyelala majuma matatu kwa homa, ambaye chakula hakikumpendeza, na ambaye akipona watu wanamwambia, "Usiinuke, baba, bado una udhaifu."

Nguvu inayokwisha kwanza mara nyingi ni nguvu ya kuinuka. Mzee anaanza kushika mikono ya kiti ili asimame. Baadaye anamwita mjukuu amvute. Baadaye anaogopa usiku, kwa sababu choo kiko nyuma ya nyumba na njia inateleza, naye hataki kumwamsha mkwe wake. Anafanya nini? Anaacha kunywa maji jioni, kisha anaacha hata mchana. Sasa tumbo linafunga, mkojo unamchoma, kichwa kinazunguka akisimama. Watoto wanasema, "Ni uzee." Wanamnunulia dawa ya nguvu sokoni, ya rangi nyekundu, katika chupa nzuri. Fedha yao imepotea. Mambo haya yalianza kitini, wala dawa ile haifiki huko.

Mwisho wake mara nyingi ni kuanguka. Shirika la Afya la Ulimwengu linasema kwamba wanaokufa kwa kuanguka wengi wao ni watu waliopita miaka 60. Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka kuhani Eli. Alikuwa na miaka 98. Alikaa juu ya kiti chake kando ya njia, akingoja habari za vita. Aliposikia kwamba sanduku la Mungu limetwaliwa, akaanguka chali karibu na lango, shingo ikavunjika, akafa. Najua kwamba habari ile ilimvunja moyo kwanza, tena ilikuwa hukumu juu ya nyumba yake. Lakini aliyeandika hakuacha kutuambia kwamba Eli alikuwa mzee tena mzito. Nimesoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara namwona pale kitini.

Wale tunaowapokea sisi hawavunjiki shingo sana. Wanavunjika mfupa wa nyonga, pale paja linapoungana na kiuno. Wanaletwa kwa kipoyi, vijana wanne mabegani, kutoka mbali. Hata mfupa ukitengenezwa vizuri, kulala kule kunaleta vidonda mgongoni na makalioni, na mapafu yanashikwa na ugonjwa, na damu inaweza kuganda katika mishipa ya miguu. Wengine walioingia na mfupa mmoja uliovunjika hawatoki. Na ukiwauliza watoto, "Baba alikuwa akitembea mbali?" wanajibu kwa fahari kidogo, "Hapana, sisi hatukumwacha afanye kitu."

Labda utasema, "Vema, lakini kwa baba yangu wakati umekwisha kupita. Ana miaka 80." Sikiliza tena. Mwaka 1990 madaktari wa Boston, Marekani, walichapisha habari ya wazee 10 walioishi katika nyumba ya kutunzia wazee. Umri wao ulikuwa karibu na miaka 90, nao walikuwa dhaifu. Kwa majuma 8, mara tatu kila juma, walifundishwa kuinua uzito kwa miguu, mwanzo kidogo, kisha zaidi. Mwishoni nguvu za miguu ya wale waliomaliza zilikuwa zimeongezeka zaidi ya mara mbili. Watu wa miaka 90! Misuli ya mzee haisahau kazi. Inangoja kuitwa. Hawatarudi kuwa vijana, lakini mtu ambaye jana alivutwa na mjukuu na leo anainuka mwenyewe kwenda chooni amepata jambo kubwa, na yeye mwenyewe anajua.

Sasa wako ndugu wa kanisa ambao wananijibu kwa Maandiko. Wanasema kwamba Paulo alimwandikia Timoteo kuwa mazoezi ya mwili yana faida ndogo. Ni kweli, liko, soma katika waraka wa kwanza, sura ya 4. Lakini Paulo anaweka vitu viwili kwenye mizani, mazoezi ya mwili upande mmoja na utauwa upande mwingine, na kwa kweli utauwa ni mzito kuliko mwili wote. Hakusema kwamba mazoezi ni bure. Tena aliyeandika maneno hayo ni nani? Ni mtu aliyetembea kwa miguu yake katika nchi za Asia na Makedonia, mlima kwa mlima. Mtu wa namna hiyo hakuwa na haja ya kuambiwa azoeze miguu. Ukitaka kutumia neno lake, tembea kwanza kama yeye.

Mimi napenda habari ya Kalebu. Umri wake ulikuwa miaka 85 alipokwenda kwa Yoshua kuomba urithi wake, naye alishuhudia kwamba nguvu zake za kwenda na kurudi hazikupungua tangu alipokuwa na miaka 40. Hakuomba shamba la bondeni. Aliomba mlima, tena mlima wenye maadui warefu. Bwana ndiye aliyemhifadhi, neno hilo Kalebu mwenyewe alilisema. Lakini angalia namna alivyohifadhiwa. Alikuwa ametembea jangwani miaka 40 pamoja na watu wengine wote, na baada ya hapo akapigana vita. Mungu hakumhifadhi kitini. Na sisi wa upande huu wa Kongo tunao mfano ulio karibu. Daktari Carl Becker, aliyezaliwa mwaka 1894 na kufika Kongo mwaka 1929, alijulikana sana kwa kazi yake ya Oicha. Baada ya maasi ya mwaka 1964, akiwa amekwisha kupita miaka 70, alirudi akasaidia kuanza kazi mpya ya hospitali kule Nyankunde. Wengine katika umri ule wanatafuta kiti.

Kuna neno jingine ambalo watu hawalisemi mbele ya mchungaji, lakini mimi nalisikia. Wanasema kwamba mzee mwenye nguvu nyingi amezitoa mahali. Wanasema amekula nguvu za wajukuu wake. Mtoto akifa katika nyumba, macho yote yanamgeukia nyanya ambaye bado anapanda mlima bila fimbo. Kwa ajili hiyo wako wazee wanaojifanya dhaifu, wanakaa, wanapiga kite wakisimama, ili wasisemwe. Huu ni uongo wa shetani, na kanisa lisiuvumilie hata siku moja. Mtoto yule alikufa kwa malaria, au kwa kuhara, au kwa kukosa chanjo ya surua. Nguvu za nyanya zilitoka katika shamba lake na katika miguu yake, wala hakuna mtu aliyenyang'anywa. Ukisikia neno hilo kilioni, lijibu palepale, kwa sauti ya kusikika.

Hapa ni lazima niseme habari ya akina mama wazee, maana mpaka sasa nimesema zaidi juu ya wanaume. Nikimwambia mama mzee wa milimani, "Mama, zoeza mwili wako," atanicheka, naye ana haki. Yeye hajapewa kiti. Anaamka kabla ya jogoo. Anashuka mtoni na bidoni ya lita 20, ambayo ni kilo 20 hata kabla ya kuhesabu bidoni yenyewe. Anapanda shambani, anarudi na kuni mgongoni, ukanda umepita kwenye paji la uso, shingo imekaza, macho yanatazama chini. Juu ya kuni kuna kitunga cha mihogo, na juu ya kitunga labda mtoto wa binti yake. Kama mazoezi ni dawa, mama huyu amekunywa chupa nzima kila siku kwa miaka 50. Mifupa ya shingo na ya mgongo wake imekwisha kusagika, magoti yamevimba, na tumbo la uzazi kwa wengine limeshuka.

Kwake neno langu ni jingine, nanyi vijana mlisikie vizuri, hasa ninyi wanaume mnaomtazama akipita. Mwondoleeni mzigo, msimwondolee njia. Aende shambani, lakini arudi mikono mitupu, au na mboga za siku hiyo tu. Kuni zibebwe na kijana, au na kinga, au na chukudu kama iko. Bidoni ya lita 20 igeuzwe kuwa ya lita 5, na wajukuu waende naye. Alime kwa jembe jepesi lenye mpini mrefu ili asiiname sana, asubuhi tu, kabla jua halijawa kali. Wengi wanakosa kwa upande mmoja au mwingine. Wanamwacha mama abebe mpaka anaanguka, na siku anapoanguka wanamhamisha kwenda mjini kwa mtoto wake, Bunia au Butembo, wanamweka mbele ya televisheni katika nyumba yenye lango lililofungwa, na hawamwachi atoke hata kununua chumvi. Ni mtu yuleyule. Jana alifanya kazi ya punda, na leo hana hata kazi ya kuku. Ndani ya mwaka mmoja miguu imekwisha, naye anaanza kusahau majina.

Kabla sijaeleza namna ya kufanya, nataka uelewe kwa nini kwetu jambo hili si mchezo wa watu wenye nafasi. Katika nchi nyingine mzee anatembea ili moyo wake ukae vizuri. Ni sababu njema. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa London na wenzake walionyesha kwamba madereva wa mabasi, waliokaa siku nzima, walipata ugonjwa wa moyo zaidi kuliko wenzao waliopanda na kushuka ngazi za basi hilohilo wakikatisha tikiti. Morris mwenyewe aliishi mpaka miaka 99. Lakini sisi tuna sababu nyingine zaidi ya moyo. Mwezi wa Septemba mwaka 2002, Nyankunde iliposhambuliwa na watu wengi wakauawa, waliopona walikimbia kwa miguu, safari ya siku nyingi, wengi wao mpaka Oicha. Hata baada ya hapo, watu wa vijiji vyetu wamekimbia mara ngapi? Unajua mwenyewe. Siku kama ile hakuna anayeuliza umri wako. Mzee anayeweza kutembea saa mbili anaweza kufika. Asiyeweza, watoto wake wanachagua wambebe yeye au wambebe mdogo. Mimi sipendi kuandika neno hili, lakini ni kweli, nanyi mmeliona.

Basi tufanye namna gani? Utasema, "Huyu aliyeandika ana miaka arobaini na kitu tu, miguu yake bado inacheza, naye anawafundisha wazee." Ni haki kusema hivyo. Kwa hiyo sitakuamuru mambo makubwa.

Shirika la Afya la Ulimwengu linashauri dakika 150 kwa juma za mwendo usio mzito, yaani kadiri ya nusu saa kwa siku tano. Linashauri pia kwamba mara tatu kwa juma mzee afanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara. Usiogope hesabu. Kama shamba lako ni mwendo wa robo saa, kwenda na kurudi ni nusu saa, kazi imekwisha. Kama huna shamba tena, tembea mpaka kanisani na kurudi, tembea kumsalimu mgonjwa, tembea kwenda kusuluhisha maneno ya watu. Zamani wazee walikuwa wakitembea sana kwa ajili ya maneno ya watu. Siku hizi wanamaliza yote kwa simu, na miguu inapata hasara. Jipime kwa njia hii. Ukitembea na kuweza kuongea na mwenzako, lakini kuimba wimbo mzima huwezi, mwendo unafaa. Ukiweza kuimba mpaka ubeti wa mwisho, ongeza mwendo kidogo. Ukishindwa hata kujibu salamu, punguza.

Kwa nguvu ya kuinuka, kitumie kiti chenyewe, kile kile nilichokisema vibaya. Chagua kiti kigumu kisichoteleza, kiegemee ukuta. Kaa, weka miguu sawasawa chini ya magoti, mikono ikunje kifuani, inama mbele kidogo, simama. Kaa tena polepole, usijitupe. Polepole ile ya kushuka ndiyo yenye faida nyingi. Fanya mara tano, pumzika, rudia mara tano nyingine. Ukishindwa bila mikono, tumia mikono majuma ya kwanza. Kisha simama mlangoni, shika mhimili, inua mguu mmoja, hesabu mpaka kumi, badili. Baadaye shika kwa kidole kimoja tu. Inuka pia juu ya vidole vya miguu na kushuka, mara kumi. Mambo haya yanachukua muda mfupi kuliko kungoja chai. Fanya akiwapo mtu karibu siku za kwanza.

Na kanisani, ndugu mashemasi, nina neno dogo. Kila mara watu wanapoambiwa wasimame kuimba, shemasi mwenye huruma anakwenda kuwagusa wazee mabegani, "Ninyi kaeni." Waacheni! Anayetaka kusimama asimame, na mbele yake pawe na benchi ya kushika. Mimi nahesabu nyimbo tatu na maombi mawili kuwa kuinuka mara tano.

Lakini kila mtu na kipimo chake. Barzilai alikuwa na miaka 80 wakati Daudi alipotaka kumchukua Yerusalemu akale mezani kwa mfalme. Alikataa kwa adabu, alijua mwili wake. Hata hivyo alivuka Yordani pamoja na mfalme, akamsindikiza kidogo, kisha akarudi mjini kwake. Hakukaa nyumbani, wala hakujilazimisha safari yote. Wewe pia vuka Yordani yako, halafu urudi.

Kuna wakati wa kuacha kabisa. Ukisikia maumivu ya kifua yanayobana, au yanayokwenda mpaka mkononi au tayani, simama, keti, na uletwe hospitali siku hiyohiyo. Vilevile ukipata giza machoni, au moyo ukipiga bila utaratibu, au upande mmoja wa mwili ukilegea ghafula. Ukivimba miguu yote miwili na usiku huwezi kulala bila kuinua kichwa, moyo wako unaomba msaada. Njoo kwanza tukupime, mazoezi yatafuata. Mwenye tansio, yaani damu inayosukuma kwa nguvu mno, atembee, inamfaa sana, lakini asikate dawa zake akifikiri miguu inatosha. Mwenye ugonjwa wa sukari asitembee pekupeku hata uani, na kila jioni mtoto mwenye macho mazuri amtazame nyayo na katikati ya vidole, maana yeye anaweza kukanyaga msumari bila kusikia. Siku ya homa, lala. Homa ikiisha, siku inayofuata kaa ukingoni mwa kitanda, baadaye simama, baadaye nenda mlangoni. Ninyi mnaolinda wagonjwa wodini, tunapowaambia "mwinueni mzee", msifikiri tunamtesa au tunataka kitanda.

Misuli haijengwi kwa hewa. Mzee anayekula bugali na mchuzi tu hana kitu cha kujengea. Ampatie nani maharage? Katika nyumba nyingi yai linakwenda kwa mgeni, samaki kwa baba mwenye mshahara, na mzee, kwa sababu meno yameanguka, anapewa kilicho laini. Pondeni maharage, sageni karanga ziingie katika sombe, twangeni ndakala. Hiyo ni laini pia.

Neno la mwisho ni fimbo. Wazee wengi wana fimbo ndefu ya heshima, na ni nzuri barazani, lakini kwa kutembea haifai. Simama wima, mikono ikining'inia. Kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono, si kifuani. Chini ifungeni kipande cha mpira wa gari ili isiteleze. Mguu wenye maumivu ukiwa wa kuume, fimbo ishikwe kwa mkono wa kushoto, iende mbele pamoja na mguu mbovu. Karibu wote wanafanya kinyume. Goti likiuma kidogo baada ya kutembea, si neno. Likiuma mpaka kesho yake, punguza njia nusu, usiiache. Likivimba na kuwa moto, njoo siku ya kliniki tulitazame. Uje kwa miguu kama unaweza, na mjukuu abebe kitunga.